Kwenda Birmingham na Kurudi Mkavu

Waliosema sitaweza walikuwa wengi, lakini aliyelisema vizuri kuliko wote ni baba mdogo Asagwile, mdogo wake marehemu baba yangu. Siku ukoo ulipokaa kule Tukuyu kuzungumzia safari yangu, alisubiri watu wamalize chai, ndipo akasimama.

"Ndugu zangu, huyu Gwamaka mnamjua," alisema. "Kutoka hapa hadi shuleni ni kilima kimoja tu, na hakuna siku ya mvua aliyofikisha daftari kavu. Mwalimu alikuwa akiyaanika madaftari yake dirishani kama mboga za kukausha. Leo mnataka kumtuma Uingereza akalete diploma? Itafika uji!"

Watu walicheka hadi wengine wakashika mbavu. Nami nilicheka, kwa sababu habari ya daftari ilikuwa kweli. Tukuyu mvua si habari. Habari ni siku ambayo haikunyesha. Lakini nilikuwa na cheti cha umakenika kutoka Mbeya, nilikuwa nimeshafungua na kufunga injini ambazo mafundi wazima walizikimbia, na chuo kimoja cha Birmingham kilikuwa kimenikubali nikasome diploma ya ufundi wa magari. Kilichopungua ni fedha. Nikasimama mbele ya wote nikasema: nikopesheni, nitarudi na diploma, na kila mmoja wenu nitamrudishia chake mlangoni kwake, kwa mkono wangu mwenyewe.

Shangazi Tumpe alitoa fedha za mavuno ya chai yake. Jirani mmoja aliuza ndama. Wengine walitoa walichopata kwenye ndizi na viazi. Na jambo la kushangaza, baba mdogo naye alitoa. "Natoa," alisema, "ili siku ukirudi mikono mitupu niwe na haki ya kusema."

Mama alinifungia koti la mvua la plastiki, lile pana la kujitanda kama shuka, wanalovaa wachuma chai. "Huko nako nasikia kunanyesha," aliniambia. Nikaondoka na fedha za watu, koti la mama, na neno la baba mdogo likinikera njia nzima kama kokoto ndani ya kiatu.

Safari ya basi hadi Dar es Salaam na ya ndege hadi London siwezi kuieleza kwa mengi, kwa sababu nilikaa tu kama abiria wengine. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mwezi wa Septemba. Kutoka London nilipanda basi hadi kituo cha Digbeth. Nilidhani nitashuka kwenye vioo na marumaru. Nilishuka kwenye kituo cha zamani chenye moshi, kimezungukwa na maghala ya matofali mekundu yaliyoingia masizi, na mvua nyembamba ilikuwa inaanguka bila kelele. Mvua ya kwetu hupiga bati ukaisikia. Ile ya Birmingham haisemi kitu, na ukishtuka tayari imefika kwenye fulana.

Aliyenipokea anaitwa Farah, Msomali aliyekulia Nairobi, akapitia Uholanzi kabla ya kuhamia huko. Alikuwa dereva wa teksi na alikuwa na chumba cha kupangisha Nechells; jina lake nilipewa na Mtanzania aliyewahi kukaa kwake.

"Karibu sana, ndugu yangu," alisema akinyanyua begi langu. "Sasa hiyo Tukuyu iko wapi? Iko na baridi?"

"Ina mvua kuliko hapa."

"Wacha wewe! Kuliko hapa? Basi umefika nyumbani, bana."

Nechells ni mtaa wa nyumba za watu wa kazi, na mwisho wa barabara yetu yalianza maghala na viwanda. Nyumba ya Farah ilikuwa na sheria moja tu: viatu mlangoni. Watoto wake walielewa Kiswahili chote nilichowaambia, ila walinijibu kwa Kiingereza, na baada ya wiki moja nilizoea kuzungumza hivyo, kila mtu na lugha yake.

Mwezi wa Oktoba nilitafuta kazi ya jioni, maana fedha za kijiji zilitosha ada ya muhula wa kwanza tu. Ya muhula wa pili ilikuwa juu yangu, na bila ya pili hakuna diploma. Farah alinipeleka kwa Mzee Harbans, Singasinga aliyezaliwa Kisumu, mwenye jiko la kupika vyakula na kuvipeleka majumbani. Wateja wake wengi walikuwa Wahindi waliotoka Kenya na Uganda, wengine wamejenga maisha mazuri kule Sutton Coldfield, upande wa kaskazini wa jiji, lakini bado walitamani kuku paka, yule wa nazi, na muhogo wa kukaanga kama wa utotoni mwao.

"Unajua pikipiki?" Mzee aliniuliza kwa Kiswahili kisicho na kovu.

"Naendesha, na nazitengeneza pia."

"Mimi sitafuti fundi, kijana. Natafuta mtu ambaye mvua ikianza, simu yake haizimwi. Tangu baridi ianze wamenikimbia wote. Nikikupigia ukaniambia habari ya mvua, kesho yake sitakupigia."

"Mzee, mimi nimetoka Tukuyu," nilimjibu.

"Sijui ni wapi. Tutaona."

Nilihudhuria mafunzo ya lazima ya waendesha pikipiki, nikabandika kibao chenye herufi nyekundu ya mwanafunzi, jambo lililonichekesha mimi niliyeanza kuendesha kabla sijaota ndevu. Nikakabidhiwa pikipiki ndogo yenye sanduku nyuma.

Mvua ya kwanza ya kazi ilinikuta njiani kuelekea Sutton. Nilisimama, nikavaa koti la mama juu ya kila kitu, nikaondoka kwa fahari. Mtu anayetembea kati ya mistari ya chai lile koti humfunika vizuri kabisa. Lakini mchuma chai hakimbizani na upepo! Nilipoongeza mwendo lilijaa hewa, likapanda, likanifunika helmeti yote. Kwa muda mfupi niliendesha pikipiki katika jiji la pili la Uingereza bila kuona chochote isipokuwa plastiki ya kijani. Ni ustadi wangu tu ulioniokoa, nasema bila kuona haya. Nilijivuta hadi Gravelly Hill, pale barabara kuu zinapopitana hewani moja juu ya nyingine, nikajibanza chini yake ambako hakunyeshi, nikalifunga koti kiunoni kwa kamba ya sanduku. Likawa mfereji. Maji yote ya kifuani yalikuja kukusanyika mapajani.

Mama mmoja mwenye asili ya Nakuru alinifungulia mlango Sutton. Aliufungua mfuko, akagusa chakula, akanitazama.

"Chakula kikavu, wewe umelowa chapachapa!" alisema. "Kesho panda wewe kwenye sanduku, chakula kiendeshe."

Nilicheka naye, nikarudi nikitetemeka. Kesho yake nilikuwa na homa, sikuenda darasani. Mzee Harbans alipopiga simu nilisema nakuja, nikaenda, lakini nilijua mwili hautakubali hivyo majira yote ya baridi. Muhula wa pili ulikuwa unaning'inia kwenye koti.

Jumamosi iliyofuata nilishuka Digbeth kwenye duka la vifaa vya pikipiki. Kulikuwa na suti za ngozi zimening'inizwa kama wanyama waliochunwa, na suti za kitambaa chenye tabaka la siri ambalo, muuzaji aliniambia, linatoa jasho nje na kuyazuia maji yasiingie. Niliiamini habari ile. Kisha nikageuza kibandiko cha bei nikakuta ni karibu ada yangu ya muhula. Nilimshukuru, nikatoka nimenyoosha shingo, kama mtu aliyekuwa anaangalia tu.

Hapo ndipo elimu ilipoanza kunilipa. Nilisimama mvuani mbele ya lile duka nikajiuliza kama fundi. Injini inavuja wapi? Haivuji katikati ya chuma. Inavuja kwenye maungio, panapokutana kitu na kitu. Basi na nguo ni hivyo hivyo. Kitambaa chochote cha plastiki kinazuia maji. Fedha nyingi unazodaiwa dukani ni za maungio na jina. Nikitafuta nguo ya bei nafuu yenye maungio mazuri, nimeshinda.

Mtaa wa pili nilikuta duka la nguo za kazi, la wajenzi na wazoa taka. Nilikaa humo hadi muuzaji akachoka kuniuliza kama nahitaji msaada. Niligeuza kila suti ya mvua ndani nje. Zile ambazo mshono ulionekana uzi mtupu nilizirudisha, kwa maana kila tundu la sindano ni mlango. Nilitaka zile ambazo ndani ya mshono umebandikwa utepe tangu mwanzo hadi mwisho, hasa pale miguu miwili inapokutana, maana mwendesha pikipiki hukalia kidimbwi. Zipu nilitaka iwe na kifuniko, na kifuniko kishikwe kwa vifungo. Zile za mpira mzito nilizikataa ingawa zilikuwa rahisi zaidi: nilivaa moja dakika chache tu, nikaanza kutoka jasho humo dukani. Ya kulowa kwa jasho na ya kulowa kwa mvua, baridi ni ileile.

Halafu nikavuta stuli, nikaketi kama niko juu ya pikipiki, mikono mbele, magoti yamekunjwa. Muuzaji akaniuliza kama najisikia vibaya. Nikamwambia najipima. Suti inayokutosha umesimama, ukikaa suruali hupanda hadi katikati ya ugoko na mikono huacha viganja uchi. Nilichukua namba moja zaidi ya yangu, koti na suruali zilizotengana, rangi ya manjano yenye mistari inayong'aa ili madereva wanione. Bei ilikuwa ndogo kiasi kwamba nilibakiwa na fedha ya gambuti, mabuti ya mpira, kwenye soko la wazi katikati ya jiji.

Jioni ile niliifanyia majaribio. Niliweka kigoda ndani ya bafu la Farah, nikaketi na suti, gambuti na helmeti, nikamwomba anifungulie maji kwa juu.

"Ndugu, uko serious?" aliuliza, ameshika bomba la kuogea.

"Anza na shingo."

Binti yake mdogo alichungulia mlangoni akauliza kwa Kiingereza kwa nini anko anaoga na helmeti. "Ni mwanafunzi," Farah akamjibu. "Wanasoma sana hawa." Maji yakaingia shingoni. Nikakata mkono wa sweta nene kuukuu, nikauvaa shingoni kama bomba na kola juu yake, yakakoma. Kwingine kote nilikuwa mkavu. Nilitoka bafuni kama mtu aliyepasi mtihani.

Lakini Jumatatu, mvua ikinyesha kutoka Erdington hadi Sutton, miguu yangu ililowa. Mwili mkavu, shingo kavu, na gambuti zimejaa maji hadi zinalia kwacha kwacha nikipanda ngazi za watu. Jumanne vilevile. Vidole vilikufa ganzi, nikakosea breki mara moja nikakaribia kumgonga mtu na baiskeli yake. Mzee Harbans aliona ninavyochechemea. "Miguu?" aliuliza. Nikasema hapana. Yeye akasema tu, "Wa mwisho kukimbia alianzia miguuni."

Jumatano nilizichukua gambuti hadi sokoni. Nilimwambia yule muuzaji, Mwingereza mnene mwenye sauti ya kunadi ndizi, kwamba ameniuzia mabuti yenye matundu. Akasema hapana. Nikasema ndiyo. Watu wakaanza kusimama. Ili kumwaibisha nikaomba ndoo kwa muuza samaki wa jirani, nikalijaza buti moja maji hadi juu, nikaliinua mbele ya umati wote waone linavyovuja.

Halikuvuja. Nililishika, tukalitazama mimi, yeye, muuza samaki na kinamama wenye vikapu. Tone moja halikudondoka. Muuzaji akaniuliza, kwa upole ulionikera kuliko matusi, kama ningependa kununua na samaki wa kukaa humo.

Nilimwaga maji nikatembea. Sikuona lami wala watu, nilikuwa nawaza. Buti lisilotoa maji haliingizi maji. Basi yaliingilia juu. Nikajitazama: suruali ya mvua nilikuwa nimeichomeka ndani ya gambuti, nadhifu, kama kila mtu wa Tukuyu anavyochomeka tangu siku ya kwanza anapovalishwa. Kwetu adui ni tope, na tope hutoka chini. Usipochomeka, suruali inakuwa ya udongo kabla hujafika shambani, na mama yako atakuambia. Lakini juu ya pikipiki adui hutoka mbele, hupiga goti, hushuka kwenye ugoko, na mimi nilikuwa nimemfungulia mdomo wa buti kama mtu anayekinga maji kwenye mchirizi!

Nilisimama katikati ya njia nikacheka peke yangu. Mimi niliyemsaidia babu kuezeka nyumba! Nyasi huanza kulazwa chini, kwenye ukingo wa paa, na kila safu ya juu huilalia ya chini. Bati vilevile. Anayeanzia juu, nyumba yake inavuja hata akitumia bati jipya. Tangu siku ile nilivaa kama naezeka: buti kwanza, suruali juu ya buti, koti juu ya suruali, mkono wa koti juu ya glavu, kola juu ya lile bomba la sweta. Glavu zenyewe zilikuwa za sufu, na juu yake glavu kubwa za mpira za kuoshea vyombo. Farah alizicheka hadi alipoziazima.

Kabla ya Krismasi, siku ya Ijumaa, ilikuja mvua ya upepo ambayo hata wenyeji waliizungumzia. Nilitoka chuoni ambako nilikuwa nimewasilisha kazi yangu mbele ya walimu, simu ikalia.

"Kijana," alisema Mzee Harbans. "Kuna familia ina uchumba wa binti yao Sutton, watu wamejaa nyumba nzima. Gari langu limegoma, teksi hazipatikani. Mvua..."

"Nimeiona, Mzee. Chakula kiko tayari?"

"Kiko tayari."

Nilijiezeka, nikaenda. Nilienda polepole, na hili pia ni sehemu ya ustadi, maana suti ya mvua haikuzuii kuteleza. Chini ya barabara za Gravelly Hill walikuwa wamejibanza waendesha pikipiki wengine, wamevaa ngozi za bei kali, wanasubiri. Niliwapungia glavu zangu za kuoshea vyombo nikapita. Sutton, alinifungulia yuleyule mama wa Nakuru. Kumbe binti ni wake. Nikaomba ruhusa nivue suti kibarazani nisiwachafulie zulia. Nilipovua, ndani nilikuwa na shati jeupe na tai niliyovaa chuoni. Shati lilikuwa bado na mistari ya pasi.

"Hee!" mama yule akaita watu. "Njooni muone! Huyu amepita wapi, chini ya ardhi?"

Walinikalisha nikala nao. Mzee Harbans hakuniuliza tena habari ya mvua hadi nilipomaliza masomo, na ada zilizobaki zote nililipa kwa mikono hii.

Mwaka niliorudi, basi liliniteremsha Tukuyu mvua ikinyesha, kama nilivyotarajia. Nilikuwa nimeweka diploma kwenye bahasha ya plastiki, kifuani, chini ya suti ya manjano. Nilipanda kile kilima mpaka kwa mama, nikamkabidhi ikiwa kavu, ngumu, inalia ukiigonga kwa kidole. Mama aliishika kwa ncha za vidole, kisha akaniuliza koti lake liko wapi. Nikamtolea. Nilikuwa nimelirudisha.

Siku ya kulipa niliichagua baada ya kubadilisha fedha zangu Mbeya na kununua pikipiki. Ilinyesha tangu alfajiri. Mama alisema niahirishe. Nilikataa. Nilizunguka nyumba kwa nyumba kama nilivyoahidi, na kila mlango niliketi, nikanywa chai niliyopewa, nikamkabidhi mwenyewe chake. Shangazi Tumpe alilia. Yule jirani wa ndama alisema ndama angekuwa ng'ombe sasa, nikamwongezea, tukacheka.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa baba mdogo Asagwile. Nilimkuta amesimama barazani, fimbo mkononi, gambuti miguuni, anaitazama mvua kwa hasira. Nilimwamkia, nikafungua koti, nikampa noti. Hakuzitazama kwanza. Alizisugua kwa dole gumba, moja moja, kisha akazipeleka sikioni akazichezesha. Zilitoa sauti ya karatasi.

"Kavu," alisema.

"Kavu, baba mdogo."

"Na ile diploma?"

"Iko kwa mama. Nenda ukaishike."

Alizikunja akazitia mfukoni. Akaitazama tena mvua, halafu akaitazama suti yangu, mikono, kola, kifuniko cha zipu. Akakohoa.

"Sikiliza, Gwamaka. Nina kikao kanisani, na wamesema wanaanza bila mimi. Hilo vazi lako... huwezi kuniazima?"

Basi siku niliyomaliza madeni yote ndiyo siku mkopeshaji wangu wa mwisho alikopa kwangu. Nilimvisha mwenyewe. Nikamfunga kola. Aliposhuka ngazi aliinama, na kwa mkono wa mtu aliyezoea tangu utoto, akachomeka suruali ndani ya gambuti, nadhifu kabisa, akaenda zake.

"Baba mdogo!" nilimpigia kelele kutoka barazani. "Suruali juu ya buti! Juu!"

Hakugeuka. Alinyanyua fimbo tu, kama mtu asiyefundishwa mvua.